Kitunguu Bila Mafuta: Niliyojifunza Katika Bakuli la Gyudon

Nimezaliwa na kukulia Tanga, katika nyumba ambayo kila mchuzi ulianza na mafuta ya moto na kitunguu. Mama alikuwa akituambia kwamba mpishi hujulikana tangu kwenye kitunguu chake, kwa sababu anayekikaanga haraka ataharibu pilau, na anayekiacha kibichi ataharibu mchuzi. Nami niliyashika maneno hayo kiasi kwamba nilipoondoka nyumbani sikujua kama kuna njia nyingine. Kwa hiyo nilipofundishwa Tokyo kupika nyama ya ng'ombe na kitunguu bila tone la mafuta, somo hilo lilinichukua muda mrefu zaidi kulikubali kuliko mengi niliyosomeshwa darasani.

Nilikwenda Japani kusoma shahada ya uzamili. Mwanafunzi wa kigeni aliyepata kibali huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 28 kwa wiki wakati wa masomo, na karibu saa zangu zote nilizimalizia katika mgahawa mdogo wenye viti tisa, vyote vimepangwa mbele ya kaunta moja, mpishi upande huu na wateja upande ule. Mwenye mgahawa alikuwa mzee aliyepita miaka 70, na sote tulimwita taisho, jina ambalo Wajapani humwita mwenye mgahawa mdogo anayepika kwa mikono yake, ingawa maana yake ya asili ni jenerali wa jeshi. Nilianza kwa kuosha vyombo. Chakula kilichotoka kwa wingi kuliko vyote kilikuwa gyudon: gyu ni ng'ombe, na don ni kifupi cha donburi, bakuli lenye kina ambalo chakula chote huingia humo humo. Ni wali mweupe uliofunikwa kwa nyama iliyokatwa nyembamba sana na kuchemshwa pamoja na vitunguu katika mchuzi mwepesi, wenye chumvi na utamu kwa pamoja.

Migahawa ya Japani ina desturi ya makanai, yaani chakula ambacho wafanyakazi hupikiana wenyewe kabla au baada ya kazi. Usiku mmoja wa baridi kali, baada ya miezi minne ya kuosha vyombo, taisho aliniambia nipike makanai mimi, na kwa kuwa kila siku nilikuwa nikiitazama gyudon ikitoka, niliamua kupika hiyo hiyo. Nilipasha mafuta, nikakaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya dhahabu, nikatia kitunguu saumu na tangawizi ya kutosha, nikaikaanga nyama mpaka ikakauka maji yake, kisha nikamimina sosi ya soya na sukari na kuiacha ichemke karibu saa nzima, kama ambavyo ningefanya kwa nyama ya mchuzi ya nyumbani. Taisho alikula bakuli lote bila kuacha punje, akaweka vijiti chini, akashukuru. Hakusema neno jingine. Nilipokuwa navua aproni ndipo aliponiambia kesho nitangulie kufika kwa muda wa saa mbili kuliko kawaida yangu.

Siku iliyofuata alinisimamisha kando ya sufuria pana isiyo na kina kirefu. Alikata vitunguu kwa kufuata mishipa yake, kutoka kichwani kwenda kwenye mzizi, vipande vyenye upana wa karibu sentimita moja, kwa maelezo kwamba ukikikata kitunguu kwa kukatisha mishipa hiyo kitasambaratika kabla nyama haijapata ladha yake. Alivitia vibichi katika mchuzi uliokuwa tayari umechemka, moto wa wastani, akasubiri mpaka kingo zikaanza kung'aa na kupitisha mwanga. Hapo ndipo akaanza kutia nyama, ukanda baada ya ukanda, akiutandaza kila mmoja kwa vijiti ili usijikunje na kuwa bonge. Nyama ilibadilika rangi mbele ya macho yangu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Povu la kijivu lililopanda juu alilikusanya kwa upawa na kulimwaga, tena na tena, kwa subira ambayo mimi niliiona ya kupita kiasi mpaka nilipouonja mchuzi na kukuta hauna hata harufu ya damu.

Dakika zisizozidi kumi tangu ukanda wa kwanza uingie, alizima moto. Niliuliza kama imeiva. Alijibu kwamba imeiva, lakini bado haijala. Kwa maelezo yake, nyama na kitunguu havinywi mchuzi wakati vinachemka, bali wakati vinapoa. Akaiacha sufuria itulie kwa nusu saa, kisha akaipasha kwa moto mdogo. Alinipa nionje ya kabla na ya baada, nami niliona tofauti ambayo ulimi haukuhitaji kufundishwa. Ile ya kabla ilikuwa nyama ndani ya mchuzi, na ile ya baada ilikuwa kitu kimoja.

Ndipo nikaelewa kosa langu la jana yake. Kitunguu kilichokaangwa kina sauti kubwa, na kitunguu saumu kina sauti kubwa zaidi. Katika pilau ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa wali wa pilau hupikwa ndani ya ladha hizo na hauna pa kujificha. Gyudon ni kinyume chake: wali hupikwa peke yake, bila chumvi wala mafuta wala tui, na kila kilicho juu yake kinapikwa kwa ajili yake. Mafuta yakitangulia hukaa juu ya punje na kuuzuia mchuzi usishuke. Mimi nilipika kitoweo kizuri na kukiweka juu ya wali, taisho alipika wali wenye nyama.

Nyama yenyewe ilitoka chini ya mbavu, kuelekea tumboni, yenye mistari ya mafuta meupe. Historia ya bakuli hili imefungana na kipande hicho. Kwa karne nyingi kula nyama ya ng'ombe kulikuwa jambo la aibu Japani, tangu amri ya kifalme ya mwaka 675 iliyowakataza watu nyama ya ng'ombe na ya wanyama wengine kadhaa, mpaka mwaka 1872 ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe ameila. Tokyo ikajaa migahawa ya nyama iliyochemshwa chunguni, na muda si mrefu watu wenye haraka wakaanza kuimiminia juu ya wali. Yoshinoya, kampuni ambayo jina lake limekuwa karibu sawa na chakula hiki, ilianza mwaka 1899 kama kibanda katika soko la samaki la Nihonbashi, ikiwalisha wachuuzi na wapagazi ambao hawakuwa na muda wa kukaa. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 soko lilihamia Tsukiji, na kibanda kikalifuata.

Taisho alinisimulia zaidi kuhusu majira ya baridi ya mwaka 2003 kuingia 2004. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulithibitishwa Marekani mwezi Desemba, Japani ikafunga mlango kwa nyama ya huko, na kipande kile cha chini ya mbavu, ambacho migahawa mingi ilikitegemea kutoka Marekani, kikaadimika. Mwezi Februari Yoshinoya ilisimamisha kuuza gyudon katika karibu migahawa yake yote, ikaweka nyama ya nguruwe badala yake, na haikurudisha bakuli la ng'ombe mpaka Septemba 2006, tena kwa kiasi kidogo kwanza. Taisho alikumbuka watu wazima waliopanga foleni siku ya mwisho ili wapate bakuli moja la kuagana. Alinieleza hayo akiwa anafuta kaunta, na nadhani alitaka nijue kuwa chakula cha bei ndogo nacho kinaweza kumwachia mtu pengo.

Sasa nirudi kwenye mchuzi. Msingi wake ni dashi, supu nyepesi ya Kijapani ya kupikia, na dashi ya taisho ilikuwa na vitu viwili tu. Cha kwanza ni kombu, mwani mpana wa baharini uliokaushwa, ambao alikuwa akiuloweka katika maji baridi na kisha kuyapasha polepole, akiutoa kabla maji hayajatokota ili usitoe utelezi na uchungu. Cha pili ni katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, kisha akarandwa vipande vyepesi vinavyotikisika kwa mvuke. Hivyo huingia majini moto ukiwa umeshazimwa, vikakaa dakika moja au mbili, vikachujwa. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alichunguza mchuzi wa kombu na kupata kiini cha ladha yake, akaiita umami. Mimi niliitambua ladha hiyo kabla ya kujua jina lake: ni ile inayobaki mdomoni baada ya kula mchuzi wa dagaa, isiyo chumvi wala sukari, inayokufanya ulambe kidole.

Kwa bakuli mbili, kipimo nilichoondoka nacho kwa taisho ni hiki: gramu 250 za nyama, kitunguu kimoja kikubwa, mililita 200 za dashi, vijiko vitatu vya chakula vya sosi ya soya, kijiko kimoja na nusu cha sukari, vijiko viwili vya sake, pombe ya mchele, na viwili vya mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele, pamoja na slesi mbili tatu za tangawizi. Hakuna kingine. Kila mara ninapotamani kuongeza kitu, iwe pilipili manga au bizari, hujizuia, na hadi leo sijawahi kujuta kwa kujizuia huko.

Suala la pombe lilinijia kwa njia ya rafiki. Tulikuwa na mwenzetu kutoka Unguja, Mwislamu aliyeshika dini, ambaye kwa miaka miwili alipita mbele ya migahawa ya gyudon akisikia harufu yake na asiweze kuingia, kwa kuwa nyama haikuwa ya kuchinjwa kihalali na mchuzi ulikuwa na sake na mirin. Jumamosi moja tulikwenda naye Shin-Okubo, mtaa ambao una kichochoro cha maduka ya bidhaa za halali yanayouza nyama iliyogandishwa, bizari na mchele wa basmati, tukanunua pande la nyama ya ng'ombe. Tulichagua pia sosi ya soya iliyothibitishwa kuwa halali, kwa maana nyingine huongezwa spiriti ili zisiharibike. Mahali pa mirin nilitia sukari zaidi kidogo, mahali pa sake nilizidisha dashi na tangawizi. Sikutarajia mchuzi ule ulingane na wa taisho, na kwa kweli haukulingana. Ulipungukiwa harufu fulani laini ya mwishoni. Lakini mwenzetu alishika bakuli kwa mikono miwili, akasoma bismillahi, akala kimya, kisha akaniambia, "Ahsante sana ndugu yangu, kumbe ndiyo hii." Tangu siku hiyo sijaiona gyudon isiyo na pombe kuwa ni pungufu, na kwangu nimeifanya ndiyo ya kawaida, ili mgeni yeyote akija nisilazimike kumwuliza maswali kabla hajaketi.

Wali ulikuwa mtihani wa pili, na pengine mgumu kuliko kitunguu. Kwetu wali mzuri ni ule unaochambuka, punje mbalimbali, na mtu akikuambia umepika bokoboko hajakusifu. Mchele wa Kijapani ni mfupi, wa duara, na ukiiva hushikana. Mwanzoni niliudharau moyoni, nikawa napunguza maji ili uachane, na matokeo yake yalikuwa punje zenye kiini kigumu. Taisho alinifundisha kuuosha kwa mkono uliokunjwa kama unaoshika mpira, kumwaga maji meupe haraka kabla mchele haujayanywa, kurudia mara tatu au nne, kisha kuuloweka nusu saa. Kipimo chao ni go, kikombe cha mililita 180, ambacho kwa mchele ni karibu gramu 150, na maji huzidi mchele kidogo tu. Ukishaiva haufunuliwi, huachwa dakika kumi ujipike kwa mvuke wake, nami hapo nilijisikia nyumbani, kwa kuwa ndiyo kazi ile ile ya kuupalia wali makaa juu ya kifuniko. Kisha hugeuzwa kwa mwiko bapa kwa kukatakata, si kwa kukoroga. Wali huo unashikana, ndiyo, lakini kila punje inaonekana, na ni kushikana huko kunakokuwezesha kuuinua kwa vijiti pamoja na kipande cha nyama. Mchuzi hupita katikati ya punje na kutulia chini ya bakuli. Wali wetu unaochambuka ungeuacha mchuzi uporomoke wote, na mlaji angebaki na wali mkavu juu na supu chini.

Chombo cha umeme cha kupikia wali kwa kawaida hakitoi ukoko. Taisho alikuwa na chungu chake kizito alichopikia wali juu ya gesi kwa ajili yetu wafanyakazi siku za mapumziko, na chini yake ulibaki ukoko wa rangi ya asali, ambao wao huuita okoge. Aliukwangua na kunigawia nusu bila kuniuliza kama naujua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Japani kuona mtu mwingine akiuonea uchungu ukoko usipotee.

Namna ya kula pia ina adabu yake. Mlaji husema itadakimasu, neno la kupokea kwa unyenyekevu, kisha huinua bakuli kwa mkono wa kushoto na kulisogeza karibu na mdomo; kwetu ningeonywa kwa kufanya hivyo, lakini kule anayeinama juu ya bakuli lililoachwa mezani ndiye asiye na adabu. Juu ya nyama huwekwa tangawizi nyekundu iliyosindikwa, beni shoga, ambayo ukali wake hukata mafuta, na hunyunyizwa shichimi, mchanganyiko wa viungo saba wenye pilipili, ufuta na ganda la chungwa. Anayependa mchuzi mwingi huomba tsuyudaku. Wengi huvunja yai bichi juu yake, nami nilikula hivyo Tokyo bila woga, kwa kuwa mayai ya huko huoshwa na tarehe iliyo kwenye pakiti ni ya kuliwa mabichi. Nyumbani siwezi kulifanya hilo, na simshauri mtu alifanye kwa yai la dukani asilolijua. Mimi hulipika yai katika maji mpaka liive.

Nilirejea na sasa naishi Dar es Salaam. Hapa nimejifunza sehemu ya mwisho, ambayo taisho hakuweza kunifundisha. Buchani ukiomba nyama nzuri utapewa steki, na steki ya ng'ombe wetu haina mafuta ya kutosha. Nimezoea kuomba kidari chenye mafuta yake, kipande kisicho na mfupa, na kukiweka kwenye friza saa moja na nusu hadi mbili, mpaka kikakaze bila kuwa jiwe. Hapo kisu kikali hukata kanda za milimita mbili bila nyama kukimbia. Ni lazima ukate kwa kukatisha nyuzi za nyama, kwa sababu ng'ombe wetu hutembea sana na ukanda uliofuata nyuzi hautafuniki. Kidari chetu pia huhitaji muda zaidi motoni, dakika ishirini na tano au nusu saa kwa moto mdogo, nami hutia vitunguu nusu mwanzoni na nusu mwishoni ili visiyeyuke vyote.

Kombu na katsuobushi sikuvipata kwa bei ninayoweza kuilipa kila wiki. Nilikaa na shida hiyo miezi kadhaa, mpaka nilipokumbuka kwamba taisho alikuwa na kopo la niboshi, samaki wadogo waliochemshwa na kukaushwa juani, aliowatumia kwa supu ya miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa. Alikuwa akiwatoa vichwa na matumbo mmoja mmoja ili mchuzi usiwe mchungu. Dagaa wa Unguja nao huchemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa juani. Niliwanunua, nikawatoa vichwa na matumbo, nikawaloweka usiku kucha, asubuhi nikawapasha kwa moto mdogo dakika kumi na kuwachuja kwa kitambaa. Kwa kuwa wana chumvi yao, nilipunguza sosi ya soya kijiko kimoja. Nilipouonja mchuzi ule nilikaa kwenye kiti cha jikoni kwa muda, maana ulinipeleka kwenye kaunta ya viti tisa na ukanipeleka Tanga kwa wakati mmoja.

Mama alipokuja kunitembelea nilimpikia. Alisimama mlangoni mwa jiko akanitazama nikitia kitunguu kibichi majini, akasema, "Mwanangu, mafuta yako wapi?" Nikamwambia, "Leo hakuna mafuta, mama. Subiri." Alikula kwa kijiko, bakuli akiwa amelipakata, na hakuzungumza mpaka alipofika katikati. Kisha aliuliza kama nilipikia kwenye sufuria au kwenye umeme. Nilimjibu kuwa ni sufuria. Akanyoosha bakuli lake. Nilikwenda jikoni, nikaukwangua ukoko wote, nikaumiminia mchuzi uliobaki pamoja na vitunguu vya mwisho, nikamletea.